Blauzi Isiyopaswa Kukatwa

Mimi ni fundi wa kupunguza. Nguo za mitumba huja zimeshonewa miili ya watu wengine, na kazi yangu hapa sokoni Ruiru ni kuzikata ziwatoshe wa kwetu. Mkono umezoea vibaya. Nikiona nguo ndefu, mkasi hufika kabla ya akili. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nilifanya kwa ubaya.

Siku hiyo jirani yangu wa kibanda alikuwa amefungua mtumba mpya. Alikuwa anatenga kamera, zile nguo safi za kuvutia wateja, na zisizofaa anazitupa chini. Humo chini nikaona blauzi nyekundu iliyofumwa kwa mkono, nzito kama blanketi la mtoto, ndege wamejipanga safu kwa safu na kandokando mistari inapanda na kushuka. Shingo yake ilikuwa tundu la mviringo lililozungushiwa miale.

"Wee, achana na hiyo," akaniambia. "Hiyo ni ya mganga. Aki nani atavaa?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini, akanipa bure. Nilipoijaribu nyumbani Gitothua ilinifika mapajani. Basi nikakata pindo upana wa kiganja, nikapitisha cherehani, na kile kipande nikakifanya kamba ya kufungia pazia. Kazi ya dakika kumi. Kesho yake nikaivaa sokoni.

Niseme ukweli, niliivaa ili mtu aniulize. Tangu mume wangu afariki naishi kwenye ploti ambayo watu wanajuana kwa milango. Mimi ni mama wa mlango wa kijani, basi. Wanangu wawili, mmoja yuko Qatar na mwingine Kisumu, hupiga simu wakikumbuka. Wiki nzima inaweza kuisha na sauti pekee iliyosemwa ndani ya nyumba yangu ni ya redio. Upweke hauna dawa ya kununua dukani, lakini unauma, na mtu akiumwa hufanya vituko. Mimi nikavaa ndege.

Aliyeuliza alikuwa Sista mmoja mzee, mtawa aliyekuwa akiishi na wenzake Kalimoni, aliyeniletea mapazia ya kukunja. Hata hakunisalimu. Aliishika ile blauzi begani, akateremka nayo taratibu mpaka chini, na alipofika penye mshono wangu akauondoa mkono haraka kama aliyegusa jiko la moto.

"Mama, nani amekata hapa?"

"Mimi, Sista. Ilikuwa ndefu."

Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akatoa kitambaa akajifuta macho. Kisha akanieleza. Yeye ni Mmaya, kabila la wenyeji wa milima ya Guatemala, huko Amerika ya Kati. Kwao mwanamke hujifunga kamba za kufumia kiunoni, upande wa pili akazifunga kwenye mti, akafuma kitambaa ambacho kingo zake zote nne zinamalizika kwenye uzi. Hakiguswi na mkasi. Urefu nao si makosa ya kipimo, unachomekwa ndani ya sketi. Mistari inayopanda na kushuka ni milima. Miale ya shingoni ni jua, na mwanamke akipitisha kichwa pale anakuwa amesimama katikati ya dunia.

"Na ndege?"

"Ndege ni kijiji." Kila kijiji kina mtindo wake, alisema. Wa ziwani wanapenda zambarau, wa kule chini kwenye joto hufuma nyeupe nyepesi, na wale walio ng'ambo ya mlima wa kwao ndio hawa wa ndege kwenye nyekundu. Mwanamke akienda soko la mbali, watu wanajua kwao kabla hajafungua mdomo. Wengine husema ni mabwana wakoloni walioamuru hivyo, ili wawatambue vibarua wao. Nikamwambia hata hapa babu zetu walivishwa shingoni kipande, kile kitambulisho cha mkoloni. Akatikisa kichwa. Mama yake alikuwa akisema nguo ni kongwe kuliko bwana yeyote.

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mama yangu alikuwa msuka vyondo. Alikuwa akichuma kahawa mashambani mchana, jioni anasuka, na chini kidogo ya mdomo wa kila kiondo alipitisha mstari mwembamba wa kijani kati ya miwili ya kahawia. Kiondo chake ungekijua hata Thika sokoni. Alipofariki dada zangu walinigawia kimoja. Nilikuwa kijana, wenzangu wanabeba mikoba ya plastiki inayong'aa, nikakionea aibu. Nikakipeleka Chania kwenye maporomoko, nikamuuzia mtalii. Kusuka sikujifunza, kwa hiyo mstari ule uliishia pale.

Sista hakunipa pole. Alisema, "Basi mahali fulani kuna mtu amekibeba na hajui ni cha nani." Kisha akaniomba kitu kimoja. Wakubwa wake walikuwa wameamua arudi kwao kupumzika, mara atakapopatikana wa kushika nafasi yake. Alitaka kuondoka na blauzi, aipeleke ng'ambo ya ule mlima, kwa wenyewe. Lakini irudi nzima.

Nilikubali. Nikafungua kamba ya pazia. Cherehani aliikataa, akanifundisha mshono wa mkono unaofuata uzi mmoja mmoja, na kila Jumamosi akawa anakuja kukagua. Tulikunywa chai ya flaski, nami nikishona yeye akihadithia. Aliniambia kwao mwanamke aliyefiwa huigeuza blauzi yake, ya ndani ikawa nje, ndege wakafichwa na nyuzi zikaonekana. Nikamwuliza kwa nini asiivae hii japo mara moja. Akashtuka. Si ya kijiji chake, mtu hajivalishi kijiji cha wengine.

Zile Jumamosi ndizo nilizoziishi. Siku nyingine zilikuwa za kuvuka tu. Na kwa kuwa nilijua kazi ikiisha anaondoka na nguo, sikuwa na haraka tena, maana sikuwa na sababu nyingine ya kukaa naye. Nikaanza wizi wangu. Kila Jumatatu nilifumua nilichoshona Jumamosi, si chote, upana wa vidole viwili au vitatu. Akija namwambia macho yangu siku hizi hayafai. Yeye huinama, hukagua, husema, "Pole, mama. Tuendelee." Miezi minne pindo la kiganja halikuisha.

Jumamosi moja alikuja na kuniambia tiketi imetoka, anaondoka Jumatano. Nikajitetea kwamba haiwezekani, bado upande mzima.

"Mama," akasema, "mimi nimefuma tangu nikiwa na miaka saba. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi. Nimeuona tangu wiki ya pili."

Niliona aibu, nikataka ardhi inimeze. "Mbona hukusema?"

"Ungemaliza."

Nilimaliza Jumanne, bila kufumua hata mshono mmoja. Jumatano asubuhi gari la wenzake likasimama barabarani likiwasha taa. Akaingia kibandani, akaipokea blauzi, akapitisha vidole kwenye pindo lote. Kisha akaigeuza, ya ndani ikawa nje, akapitisha kichwa kwenye tundu la shingo na kuiteremsha juu ya nguo yake ya kijivu. Ndege wakapotea, na kijiji cha wengine pamoja nao. Zikabaki nyuzi, na chini kabisa mishono yangu, mikubwa, mibaya, ya mtu asiyejua, ikizunguka yote nje. Akanishika mikono miwili. Akaenda kwenye gari akiwa ameivaa hivyo, akapita katikati ya soko.

Jirani yangu alishika kiuno akicheka. "Haiya! Hata masista wanavaa nguo ndani nje? Mbona hukumwambia?"

"Hakukosea," nikasema. "Amefiwa."

"Ngai! Maskini. Amefiwa na nani?"

Niliinama kwenye cherehani nikatafuta uzi, na uzi ulikuwa mkononi mwangu.