Chatu wa Chemchemi Ukutani kwa Mama

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Butiama, mama aliugua. Zahanati walimpa vidonge, akavimeza bila ubishi, lakini yeye alishajua ugonjwa wake. Mzimu wa chemchemi yetu, aliyekuwa akijitokeza kama chatu, hakujua tulikohamia. Kurudi mahameni, kule tulikotoka, kulikatazwa, na mama hakuwa tena na miguu ya kufika huko. Akanitumia salamu Musoma, nilikokuwa nafanya kazi: nije nimchore yule mzimu kwenye ukuta wa nyumba mpya, apate kutuona.

Mimi nilikuwa nachora majina ya mitumbwi Mwigobero, ufukweni pale mjini, na mabango ya maduka nikiyapata. Nilijiona msanii, Mungu anisamehe. Nikapanda lori na makopo ya rangi zilizobaki, bluu na nyekundu za mitumbwi, nikachora chatu kutoka mlangoni hadi dirishani, gamba kwa gamba. Watoto wa jirani walitimua mbio. Mwenyekiti wa kijiji akaja kukagua, akasema kazi ni nzuri ila niongeze jembe. Nikaongeza jembe, ningefanyaje?

Mama aliegemea mlango, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nyoka tu," akasema.

Iliniuma. Nikamuuliza kwa ukali, basi huyo wake yukoje, ana rangi gani?

"Sijui, mwanangu. Pale chemchemi tulikuwaga tunainamisha macho. Nani angemtazama?"

"Sasa utajuaje kama ndiye?"

"Nitajua tu."

Ufanye nini na jibu kama hilo? Nilimkwangua nyoka pamoja na jembe lake, nikausiriba ukuta udongo, nikachora upya kwa masizi na udongo mwekundu. Mama akatikisa kichwa. Nikajaribu matete na maji peke yake, bila mnyama. Akasema ni pazuri, lakini hapana mtu. Na huku anazidi kukonda. Mkono huu uliosifiwa Mwigobero nzima haukuweza kumfanyia mama yangu kitu kimoja alichoomba, na niliuchukia.

Siku moja nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ukuta, brashi mkononi, sina wazo lolote, nikaanza kulia kama mtoto. Sikujua kuwa mama yuko nyuma yangu. Akanigusa bega.

"Acha sasa, mwanangu. Amefika. Ndiye huyu."

Ukutani palikuwa na doa la masizi lililochuruzika, basi. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilimwamini papo hapo, maana nilitaka sana kuamini. Nikakimbilia kwa jirani mwenye ng'ombe, nikarudi na maziwa kwenye kibuyu, kwa kuwa mzimu wetu hakuwahi kukaribishwa bila kumwagiwa maziwa, na kabla yeye hajapata hakuna mtu aliyethubutu kuyaonja. Nikampa mama kibuyu amwage chini ya ukuta.

Alikipokea kwa mikono miwili. Hakuutazama ukuta. Akakirudisha mikononi mwangu.

"Kunywa wewe," akasema. "Umechoka."