Samaki Walioungwa Wakiwa Hai

Baba mdogo ni mpishi wa shule. Sufuria zake unaweza kumwogeshea mtoto ndani. Ana tabia moja: hawezi kupita mbele ya chakula bila kukionja. Hata akialikwa kwa watu, anadondoshea mchuzi kiganjani, analamba, anafumba jicho moja, kisha anasema, "Chumvi haijakolea." Mwenye nyumba ananuna.

Kwake kuna kitu kimoja tu alichokuwa hakipendi: tangi la samaki la mama mdogo, mkewe. Ni la kioo, la maji ya chumvi, limekaa sebuleni pale pale alipotaka kochi la kulalia mchana. Ndani mna mawe, matumbawe laini yanayopepea kama vidole, konokono wa kusafisha kioo, na samaki watatu. Wawili ni wa rangi ya machungwa, hawaachani. Wa tatu ni wa manjano, na mama mdogo anamwita Karani kwa sababu anashinda akikagua kila kona.

"Siku moja nitawakaanga hawa," baba mdogo alikuwa akisema mbele ya yeyote. Kinyozi, jirani yetu, anaweza kuapa kwamba amesikia.

Basi binti yao akajifungua, mama mdogo akasafiri kwenda kumsaidia. Mimi niliachiwa duka lake la vitambaa, baba mdogo akaachiwa tangi.

"Maji yanakauka kwa joto," mama mdogo alimwonyesha. "Yakishuka chini ya mstari huu, ongeza kutoka dumu hili la maji yaliyochujwa. Chakula chembe kidogo. Basi."

Baba mdogo alipofungua dumu akafanya kama kawaida yake. Akaonja. Maji matupu! Akaona mkewe amechanganyikiwa na safari. Samaki wa baharini atapewaje maji yasiyo na ladha? Akachota chumvi kwenye ndoo ya chumvi ya samaki, akakoroga mpaka ikamkalia ulimini. Kila maji yaliposhuka, aliongeza ya kwake. Hayo alikuja kuyasema mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tukakuta konokono wamejifungia, matumbawe yamesinyaa, na Karani amelala pembeni chini, mashavu yanakwenda mbio.

Kinyozi akachungulia mlangoni. "Eh, mpishi! Leo ndiyo siku ya kukaanga?"

Baba mdogo hakucheka. Alikaa chini sakafuni, na kofia yake ya jikoni bado kichwani. "Wakifa hawa, nani ataniamini? Nimewasema vibaya miaka yote. Mke wangu atajua nimefanya makusudi."

"Si ununue wengine?" kinyozi akasema. "Samaki wote wanafanana."

"Karani afanane na nani?" baba mdogo akafoka.

Nikamwambia, "Mpigie, baba." Akanitazama kama nimemtuma porini. Lakini akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Maji umeongeza?" mama mdogo akauliza.

"Nimeongeza."

"Ya dumu?"

"Ya dumu... nikayakoleza kidogo."

"Ukayakoleza na nini?"

"Chumvi, mke wangu. Yalikuwa yamepooza."

Kichanga kilisikika kikilia huko. "Wewe mwanamume! Mchuzi ukikauka jikoni, chumvi inakwenda wapi?"

"Inabaki kwenye sufuria."

"Sasa?"

Baba mdogo akashika kichwa. "Mungu wangu. Nimewaunga wakiwa hai."

Kinyozi alitoka nje kwenda kuchekea ukutani.

"Sikiliza," mama mdogo akasema. "Toa kikombe, tia kikombe cha maji ya dumu, matupu. Polepole, leo na kesho. Ukiwashushia chumvi ghafla utawamaliza. Na usionje!"

"Hudhani nilikusudia?"

"Mtu anayetaka kuua samaki hawakolezei maji. Nirudi?"

Baba mdogo akavuta kikombe karibu. "Kaa na mwanao. Hawa ninao mimi."

Akakaa nao kweli. Kikombe kinatoka, kikombe kinaingia. Mimi nilikuwa nikichota maji ya tangi kwa kipimo cha chumvi cha plastiki na kumsomea mshale ulipofika. Kochi hakulitaja. Kinyozi alipokuja kuongea kwa sauti akafukuzwa: "Punguza kelele bwana, hapa kuna wagonjwa."

Jumapili mchana matumbawe yakaanza kunyoosha vidole. Konokono mmoja hakufunguka tena. Halafu Karani akainuka, akayumba kidogo, akaenda kukagua kona ya pampu.

Baba mdogo akapiga simu kabla hajapigiwa. "Konokono mmoja amekufa, nimemuua mimi. Wengine wanakula."

"Na Karani?"

Akaisogeza simu mpaka ikagusa kioo. "Huyu hapa," akasema. "Ongea naye mwenyewe."