Jina Nililolifuta

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na makarani wetu wanajua. Nafanya kazi katika maabara ya vinasaba hapa mjini Nakuru. Mashine inasoma damu, kompyuta yangu inasaka kasoro za kurithi, halafu mimi ndiye ninayekaa na daktari na mgonjwa kuwaeleza tumeona nini. Makarani walikuwa na tabia ya kumsajili mtu mmoja mara mbili, nami nilikuwa na tabia ya kufuta huku nikisonya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dada mmoja wa mtaa wa Kihoto, mfanyakazi wa shamba la maua kule Naivasha. Shosho yake, mama ya baba yake, alikufa kwa saratani ya matiti, kwa hiyo akaja kupimwa. Daktari wake alipopiga simu kuulizia matokeo, nilitafuta kwa jina, sikutafuta kwa namba kama tunavyotakiwa. Jina likatokea mara mbili: majina matatu yale yale, mwaka wa kuzaliwa ule ule. Moja lilikuwa na matokeo, lingine tupu. "Aii, wameanza tena hawa!" nikasema. Nikafuta lile tupu, nikatuma yale matokeo. Yalionyesha kasoro inayoleta saratani kama ile ya shosho.

Dada akakata shauri matiti yote mawili yatolewe kabla ugonjwa haujamfikia. Ana watoto wawili. Aliniambia hataki wamwone akikonda kitandani jinsi yeye alivyomwona shosho. Baba yake naye akatoa damu, kwa sababu kasoro hiyo ni lazima iwe imepitia kwake.

Majibu ya baba yalifunguka kwenye kompyuta asubuhi ile ile ya upasuaji. Mzee hana kasoro.

Nikaiamuru kompyuta ipime undugu wao. Baba na bintiye hushiriki nusu ya vinasaba. Hawa walishiriki robo tu, kama mtu na ndugu ya baba yake. Haki ya Mungu, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa baya sana juu ya mama ya yule dada, na hadi leo naona aibu. La pili ndilo lililoniinua kitini. Kwetu binti wa kwanza wa kila mwanamume hupewa jina la mama ya huyo mwanamume. Ndugu wawili wakipata mabinti, mabinti wanaitwa jina moja, hata la ubatizo, na la tatu ni la babu yao. Mimi mwenyewe nina binamu watatu tunaoitwa sawa, na bado nilifuta. Karani hakuwa amekosea. Walikuwa watu wawili, na damu ya dada wa Kihoto ilikuwa bado kwenye friji yetu, haijasomwa.

Saa tatu kasorobo. Upasuaji saa tatu. Nikapiga simu ya daktari, ikalia hadi ikakatika. Nikapiga tena. Nikatoka mbio na koti langu jeupe, nikavuka barabara mbili, matatu zikinipigia honi. Kwenye geti la hospitali askari akanisimamisha.

"Madam, andika jina kwanza."

"Boss, niache! Kuna mtu anakatwa bure!"

Sijui alinionaje, lakini alifungua. Pale mlangoni pa thieta ya upasuaji nilimshika sista mkono, nikamwambia simamisha, matokeo si yake, aliyekosea ni mimi. Akaingia. Nilisimama pale nikiomba kwa sauti bila kujali nani ananisikia. Sista akarudi akishusha pumzi. "Hajadungwa dawa ya usingizi," akasema. "Daktari alikuwa ananawa mikono."

Nililia, sifichi.

Kwenye benchi la pale nje alikuwa amekaa mwanamke mwenye shuka mabegani na chupa ya uji mapajani. Alikuwa amesikia kila kitu. Aliruka akanikumbatia.

"Asante Yesu! Asante, daktari! Nimefunga siku tatu nikimwombea."

"Wewe ni nani wake?" nikauliza.

"Binamu yake. Baba zetu ni ndugu. Nimetoka Olenguruone jana nije nimuuguze." Akacheka huku akipangusa machozi. "Hata jina ni moja, la shosho. Mimi pia nilitoa damu, lakini hawajanipigia. Nikasema wakinyamaza hivyo, basi niko sawa."

Alifungua chupa, akanimiminia uji kwenye kifuniko, akanisukumia mkononi. Ulikuwa wa moto. Nilikiweka kile kifuniko kwenye benchi, naye bado ananitabasamia.

"Dada," nikasema, "weka hiyo chupa chini. Tukae kidogo."