Oili Chafu Chini ya Tuktuk ya Umeme

Mimi ni mpenzi wa magari asiyekwenda popote. Gari langu dogo, la miaka mingi, limeegeshwa chini ya mti wa mkungu uani kwetu Malindi. Kila Jumamosi nalipiga stati, naliacha lingurume robo saa, nalizima, kisha narudi ndani kunywa chai, nimechoka kama mtu aliyetoka Lamu. Majirani wakisikia mngurumo huulizana, "Leo amefika wapi?" Mwingine hujibu, "Amefika kwenye kiti."

Lakini maoni ninayo. Nikiwa nimekaa barazani, gari likipita naweza kukwambia plagi moja imekufa, au beringi ya gurudumu la nyuma inalia, na mara nyingi sikosei. Watu huniletea magari yao niyasikilize. Fizikia ya kidato cha nne ilinishinda, na alama niliyopata haifai kutajwa mbele ya watu, ila hakuna injini iliyowahi kuniuliza cheti.

Basi fikiria nilivyojisikia dada yangu mdogo aliponiambia anataka tuktuk ya umeme.

Tunaishi nyumba moja, yeye na mimi, tangu wazazi walipofariki. Yeye ndiye mwenye shughuli. Alfajiri hupika mahamri na mbaazi za nazi, kisha huwapelekea wafanyakazi wa mashamba ya chumvi kule Gongoni. Tuktuk yake ya petroli ilikuwa imeliwa na kutu mpaka sakafu, ukiketi nyuma waiona lami ikipita chini ya miguu.

Nilimhubiria siku tatu. Nilimwambia hawa watengenezaji wa magari hawatufikirii hata kidogo. Wanachora gari wakiwa katika nchi ya baridi, kwenye barabara iliyofagiwa, wanaliendesha wao kwanza mpaka walichoke, ndipo linashushwa bandarini kwetu. Hilo tulishalizoea, kwa sababu lilifunguka. Tangi likivuja ulisugua sabuni ya mche kwenye ufa ukaendelea na safari. Sasa wanatuletea kitu kilichozibwa kila upande. Kikizima, utasugua nini? Utangoja mtu aje na kompyuta. Na betri ikifa je? Wanasema ni kwa ajili ya hewa safi. Mbona miaka yote walipokuwa wakituuzia moshi hawakuizungumzia hewa?

"Kaka," akaniuliza huku akikanda unga, "mara yako ya mwisho kununua petroli ni lini?"

"Hilo si jambo."

"Mimi nanunua kila siku. Wewe lako linakunywa robo saa kwa wiki, kama mtoto mwenye homa."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nikitazama video za magari hayo hayo kwenye simu hadi chaji inaisha. Wala sikumwambia kwamba kwa mashine inayopita njia moja kila siku, kisha inalala nyumbani karibu na soketi, hesabu yake ilikuwa sawa kuliko yangu. Mtu ana heshima yake.

Makubaliano yalikuwa hivi. Wauzaji waliichukua ile kuukuu kwa bei ya vyuma chakavu, wakampa ya umeme aijaribu wiki moja. Jumamosi fundi wao angekuja kuikagua. Ikiwa salama, dada anatia sahihi na inakuwa yake. Ikiwa imeharibiwa na matumizi mabaya, inarudi na kupewa mtu mwingine aliyekuwa akiingoja, naye dada anabaki na sufuria zake na miguu yake.

Ilifika Jumatatu. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilizoea kumsikia dada akiondoka, nikamsikia mpaka kona ya msikiti, na kwa mlio nikajua kama kabureta inahitaji kusafishwa. Hii ilitoka uani kama paka. Nilikuwa nakaa, nasimama, natoka mlangoni, narudi. Akirudi nilikuwa naizunguka mara tatu, nafungua mahali panapofunguka, yaani pachache, nafunga. Sikuwa na cha kukaza. Sikuwa na cha kumwaga wala cha kujaza. Jumatano niliiwekea sikio kwenye mota, dada akaniona.

"Inasemaje?" akauliza.

"Imenyamaza."

"Basi nawe jifunze."

Alhamisi alasiri, dada akiwa amekwenda sokoni kwa miguu kununua nazi, nikapata kazi ya kufanya. Hapa kwetu chombo kinachokwenda Gongoni hupakwa oili chafu chini, ile inayomwagwa injini ikibadilishwa oili. Chumvi haipendi oili. Kila mtu anajua, na nyuma ya kila nyumba yenye gari kuna dumu lake. Nikaona wauzaji hawajapaka, nikacheka peke yangu: watu wa kompyuta hawa, chumvi hawaijui. Nikaichanganya oili na mafuta taa ili iwe nyepesi ifike kila mahali. Brashi niliiona itakawia, nikachukua pampu ya kupulizia dawa, ile ya shamba letu la Jilore. Nikalala chali chini ya tuktuk nikapuliza mpaka ikang'aa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata wiki nzima.

Ijumaa dada alirudi saa mbili asubuhi, mapema mno. Kanga yake ilikuwa na mbaazi mpaka kifuani.

"Imenigomea," alisema. "Nateremka pale daraja la Sabaki, mbele kuna ng'ombe, nakanyaga breki, haishiki. Nimeipeleka kwenye mchanga. Sufuria yote imemwagika, nimeirudisha polepole." Akazikung'uta mbaazi kwenye kanga. "Ulisema kweli, kaka. Mashine hii si ya watu."

Nitasema ukweli: kwa muda wa kumeza mate mara moja, nilifurahi. Kisha nikaona mstari mweusi ukichuruzika kutoka gurudumu la nyuma, nikajua ni oili yangu. Nilipaswa kusema hapo hapo. Nilimpa maji. Yeye akapiga simu kwa wauzaji akawafokea kwamba mashine yao ni mbovu, nami nilisimama pembeni nikimsikiliza akinitetea bila kujua. Siku ile sikuketi popote. Nilifagia uwanja mara mbili.

Fundi alikuja Jumamosi. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, ovaroli safi, kompyuta kwapani.

"Shikamoo mzee," akaniamkia. Nina miaka arobaini na tatu. Nikaitikia marahaba kwa uchungu.

Aliingia chini, akatoka na kidole cheusi, akakinusa. "Mama, nani amepaka hii?"

"Amepaka nini?" dada akauliza.

"Oili. Imeingia ndani ya breki, imefika hadi kwenye soketi za nyaya. Hii nikiandika ni matumizi mabaya, inarudi leo."

Dada hakunitazama kwanza. Alitazama pampu ya dawa iliyokuwa imeegemea ukuta, ndipo akanigeukia. Ningeweza kusema ni watu wa Gongoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Alhamisi. Yeye hakujua. Na jana niliona inachuruzika nikanyamaza."

Dada aliigusa ile pampu, akakiangalia kidole kilichotoka cheusi.

"Ungeniua," akasema, kwa sauti ndogo.

Binti alimtazama dada, akanitazama, akafunga kompyuta. Alisema atabadilisha vipande vya breki alivyonavyo kwenye begi, ila oili iliyobaki ataitoa aliyeiweka, tone kwa tone, kwa kitambaa na sabuni, na iwe mbele ya macho yake. Ikishika breki kwenye mteremko ule ule ikiwa na mzigo, ataandika iko salama. Isiposhika, anaondoka nayo. Nilipangusa mpaka adhuhuri. Binti aliketi kwenye kigoda akinionyesha: hapo, bado, na hapo, mzee.

"Mzigo uko wapi?" akauliza tulipomaliza.

"Huyu hapa," dada akasema. "Ana uzito wa mbaazi na mahamri pamoja. Panda."

Nikapanda. Binti akaketi kando yangu. Dada akatupeleka Sabaki, na tulipofika juu ya mteremko hakuuliza kama niko tayari. Daraja lilitujia mbio. Alikanyaga, ikashika, kichwa changu kikagonga chuma cha mbele.

"Tena," dada akasema, akageuza.

Tulishuka mara nne. Mara ya nne alisimama mahali alipotaka, karibu na alama za magurudumu zilizobaki mchangani, akaziangalia kitambo.

"Nipe karatasi," akamwambia binti.

Hapakuwa na meza, akatia sahihi juu ya goti langu. Kalamu ilinichoma mara mbili, na ya pili nadhani ilikuwa makusudi.