Jina Alilolikana Pwani

Saa moja asubuhi, jua linachungulia juu ya milima ya Uluguru, na Pazi anafunga mzigo wake kwa mara ya tatu. Kamba haina kosa.

Mzigo ni sanduku la kamera la Mdachi, Mjerumani aliyeshuka juzi kwenye gari moshi hapa Morogoro. Anataka kutembezwa vijiji vya pwani vilivyopigwa mizinga miaka ile ya vita vya Wadachi na watu wa pwani, aone kuta zilizotoboka, minazi iliyokatwa vilele, na mikoko ya mlango wa Mto Wami. Ni mwendo wa siku tisa kwa miguu. Pazi ameshawapeleka wageni wa namna hiyo mara nne.

"Njia naijua hata nikifumba macho," anasema. "Ninayemwogopa ni mama mmoja tu."

Mama huyo ni Chausiku, anayewapikia wapagazi katika kijiji cha mwisho. Kila akisikia msafara umetoka Uluguru, hutoka na upawa mkononi kuuliza habari za mumewe Kibwana, Mluguru aliyekwenda kupigana na Wadachi asirudi. Mwaka wa ishirini na mbili huu.

Kibwana hakufa vitani. Alikimbilia kwao milimani, akajificha akiogopa kunyongwa. Alikuwa mjomba wake Pazi.

"Aliniapisha nisimtaje. Basi mama aliponiuliza, nikamwambia jina hilo sijapata kulisikia. Mara zote nne. Naye akanipakulia samaki," anasema Pazi, ameinamisha uso.

Mjomba alifariki masika yaliyopita. Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulimrithisha Pazi jina lake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Tangu siku hiyo yeye ndiye Kibwana. Watoto marehemu aliowazaa huko milimani wanamwita baba. Na jina la urithi huwezi kuliacha nyumbani; ukiitwa, sharti uitike.

Wenzake wameshalizoea. "Kibwana, mbona uji hujaugusa?" anauliza Salehe, mnyapara wa msafara. "Unaumwa?"

"Siumwi, kaka."

Salehe hajui lolote. Atamwita hivyo hivyo mbele ya jiko la Chausiku.

"Akinitukana, ni haki yake," anasema Pazi. "Lakini ninaloogopa ni alisikie jina, afurahi kwanza kabla hajaelewa."

Anafungua kibindo na kutoa kofia ya kudarizi iliyopauka. Chausiku ndiye aliyemshonea mumewe, na mjomba hakuitupa mpaka anakufa. Mwanaasha, mke wa Pazi, ameifua jana na kumsihi asirudi nayo.

"Kofia nitamkabidhi mkononi, nimwambie kweli yote kabla hajaniuliza mara ya tano," anasema. "Akitaka kuja kuliona kaburi, nitamleta."

Salehe anaita watu wajipange. Pazi anarudisha kofia kibindoni, anachuchumaa, anajitwisha sanduku.

"Safari ya kurudi sina mzigo wa Mdachi," anasema. "Wa mama huyo nitambebea mimi."