Motokaa kwa Ng'ombe Wanane

Mahari yangu ilipanda mlima ikipiga honi. Mama aliacha ndizi jikoni akatoka mbio, kuku wakatawanyika kwenye mibuni, na kwenye njia yetu, ambayo haikuwahi kupitisha kitu kipana kuliko ng'ombe mwenye mimba, ikatokea motokaa ya kijani ya viti viwili, haina paa, na ndani yake mchumba wangu amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Niseme ukweli mapema: nilimtaka yule mwanamume kuliko kitu chochote. Alikuwa fundi wa magari kwenye shamba la Mwingereza mmoja kule Momela, yatima aliyekulia humo humo shambani, hana ukoo wa kumchangia hata ndama. Mwingereza alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia motokaa yake ya mbio, aliyoinunua ikiwa mpya na kuiendesha peke yake mpaka wote wawili wakazeeka. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yote ya mchumba wangu. Baba alitaka ng'ombe wanane. Mgane mmoja wa Usa River alikuwa nao, tena wanono, na alisubiri jibu letu baada ya ibada ya Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa amesema, ilete hiyo motokaa tuithamini. Ikifika ng'ombe wanane, binti ni wako.

Kuthamini alipewa baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekagua ng'ombe wa mahari wote wa ukoo wetu. Motokaa hakuijua hata kidogo, na hilo halikumsumbua. Alipokwisha kuitikia shikamoo, aliizunguka polepole, akaipiga kofi ubavuni, akainama kuyatazama meno, yaani zile nondo za mbele ya rejeta. Mjomba wangu alimfuata nyuma akitikisa kichwa kabla hajaona chochote.

"Imekuwa kwa nani?" baba mkubwa akauliza.

"Kwa mtu mmoja tu, Baba," mchumba akajibu kwa fahari. "Tangu ikiwa mpya."

Wazee wakatazamana. Kwetu ng'ombe mzuri huzunguka. Unampeleka akalishwe kwa shemeji, ndama wake anakwenda kwa jirani, maziwa yake yanajulikana mlima mzima. Ng'ombe aliyefichwa kwenye zizi moja miaka yote ana jambo.

"Majirani zake wote wale," baba mkubwa akasema, "hakuna hata mmoja aliyeitaka? Toa ng'ombe wawili."

Mchumba akakimbilia sifa nyingine. Viti viwili, vya ngozi! Mjomba akauliza mbuzi atakaa wapi, akatoa ng'ombe mmoja. Iko chini, imeshika barabara! Basi itakwama kwenye matope, akatoka mwingine. Ina mbio kuliko gari lolote kuanzia Moshi mpaka Ngaramtoni!

"Inakimbia nini?" baba mkubwa akauliza, na hakungoja jibu.

Kila sifa ilikula ng'ombe. Walibaki watatu. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko nimeshika kibuyu cha pombe, nikiwaona wale watatu na nikimwona mgane wa Usa River akichana ndevu zake kwa ajili ya kesho. Niliwachukia wazee wote waliowahi kuzaliwa.

Hapo rejeta ikaanza kutoa moshi. Mchumba, kwa aibu, akachota maji akaimiminia upesi.

"Kumbe inakunywa?"

"Ndiyo, Baba," akasema kwa sauti ndogo. "Kwenye mlima inakunywa debe zima."

Uso wa baba mkubwa ukachangamka. "Mnyama mgonjwa hanywi hivyo. Ongeza mmoja."

Mimi nikaelewa papo hapo. Desturi ilinitaka nimimine pombe na kunyamaza, kwa hiyo nilimimina, na nilipomfikia mchumba nikamnong'oneza, "Sema ubovu wake wote."

"Siwezi. Nimeilea mwenyewe."

"Basi oana nayo."

Akaanza kukiri mmoja mmoja, macho chini. Ubavu umebonyea kwa sababu nyati aliigonga karibu na maziwa ya Momela. Haikukimbia? Hapana, Baba, iligoma kuwaka. "Ilisimama mbele ya nyati!" mjomba akapiga kelele, na ng'ombe wawili wakarudi. Ekzosi imetoboka, ndiyo maana inanguruma. Sauti ya dume, wakakubaliana, mwingine akarudi. Wakawa saba, na ubovu ukaisha. Vingine vyote alikuwa amevitengeneza. Sijawahi kumlaani fundi hodari kama nilivyomlaani yule siku ile.

Wazee wakarudia vibuyu vyao. Kwao hesabu ilikuwa imefungwa. Ndipo baba, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akakohoa.

"Ukituachia hii, wewe unabaki na nini?"

Mchumba akaitazama motokaa. Halafu akaisahau adabu yote, akageuka akatazama moja kwa moja kwenye mlango wa jiko.

"Nabaki na huyo, Baba."

Mjomba akapaliwa. Kwetu bwana harusi hamtazami bibi harusi hivyo mbele ya wazee. Baba mkubwa akaanza kueleza kwamba maneno si mifugo, lakini baba akamkatiza.

"Yule wa Usa River nilimuuliza swali hili hili. Aliniambia anabaki na ng'ombe ishirini na wawili." Akainuka akakung'uta suruali. "Wanane wametimia. Ifungeni kamba."

Wakaifunga kweli, kwenye nguzo ya zizi, na baba mkubwa akalijaribu fundo kwa mguu. Nililia waziwazi, mama akinifinya ninyamaze, na yeye mwenyewe analia. Mchumba wangu akaweka ufunguo kwenye kiganja cha baba, akaaga, akaanza safari ya kurudi Momela kwa miguu. Nilisimama njiani nikamsindikiza kwa macho, nikiogopa kumwona akigeuka kuitazama motokaa yake. Hakuitazama hata mara moja. Alitembea kinyumenyume akinitazama mimi, mpaka akatumbukia kwenye mfereji.