Mwaka Nilipolimwaga Bwawa

Sie Wapare hatuachi maji machafu yakutane na mvua. Kwetu milimani kila kijiji kina ndiva yake, bwawa la kumwagilia mashamba, na kabla ya mvua kubwa hupigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Watu wanashuka na majembe, wanafungulia maji yote yaliyobaki, wanazoa tope mpaka udongo mgumu uonekane. Asiyefika husemwa mwaka mzima. Nimekulia humo. Kwa hiyo mtu asinicheke sana kwa nililolifanya Kunduchi, ingawa walionicheka ni wengi na wengine hawajaacha mpaka leo.

Nyumba yenyewe tuliipata miaka ya Ujamaa. Mzungu aliyekuwa akiishi humo alirudi kwao, nyumba ikawa ya serikali, akapewa mume wangu, karani wa bandarini Kurasini. Kabla ya hapo tulikuwa Temeke, chumba kimoja, sie na watoto wawili, na mama mkwe nyuma ya pazia. Mama mkwe nilimpenda, lakini lile pazia nililichukia kwa moyo wangu wote. Siku ya kwanza Kunduchi nilifunga na kufungua mlango wa chumba chetu mara sijui ngapi, kwa raha tu.

Ila nyumba ilikuja na barua. Kila kilichomo kitunzwe; masika yakiisha afisa wa nyumba atakuja kukagua; atakayekutwa ameharibu ataondolewa. Na kimojawapo cha vilivyomo kilikuwa bwawa la kuogelea, nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa sita, limenakshiwa vigae vya buluu. Kati yetu hakuna aliyejua kuogelea. Dawa ya maji haikupatikana madukani, maji yakawa mazito kama mlenda, mbu wakahamia na jamaa zao. Mume wangu akasema tulifunge kabla ya masika, tutaliangalia mambo yakitengemaa. Nikamwambia niachie mie.

Kulikuwa na mama mmoja wa kutoka Lindi aliyetuuzia samaki. Zamani aliwahi kumfanyia kazi yule Mzungu, na kusafisha bwawa ilikuwa kazi yake. Jioni alikuwa mwanafunzi wangu katika kisomo cha watu wazima. Umri wake ulikuwa kama wa dada mkubwa wa mama yangu, basi nje ya darasa mie ndiye niliyempa shikamoo, na ndani ya darasa yeye ndiye aliyesimama nikiingia. Aliponiona nafunga mpira kwenye pampu, alitua karai lake la samaki.

“Mwalimu, usiyamwage yote. Punguza kidogo, safisha, funika. Bwawa tupu likikutana na masika linapanda.”

“Linapanda wapi, mama?”

“Juu. Maji ya ardhini yanalinyanyua. Nyumba ya tatu pale lao lilipanda, likapasuka, wakalifukia.”

Nikacheka. Nikamwambia hilo ni zege, na zege halielei. Kisha nikaongeza neno ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto: “Wewe maliza kwanza herufi zako, mama. Mabwawa niachie mwenye kuyajua.”

“Haya, Mwalimu,” akasema. Akajitwika karai lake akaenda.

Niliimwagia migomba maji yote mpaka tone la mwisho. Nikashuka chini na makumbi ya nazi, nikasugua ukoga siku tatu, magoti yakachubuka. Nikaifungua pampu, nikaipaka grisi, nikaifunga kwa gunia. Nikalaza mirunda juu ya bwawa, nikatandika turubai na kulibana kwa mawe pande zote. Lilipendeza. Hata ndiva ya kwetu haikuwahi kung'ara namna ile, na nilimwandikia mama yangu barua kumweleza.

Masika yakaja kwa fujo. Siku ya kumi na moja, asubuhi, nikasikia kitu kinaalika nyuma ya nyumba, kama sahani inayopasuka. Nikatoka na khanga kichwani. Ukingo wa bwawa ulikuwa umeachana na sakafu iliyouzunguka, na nafasi iliyobaki ilipitisha kidole. Saa sita ilipitisha viwili. Nilichuchumaa pale, vidole vyangu ndani ya ule ufa, na nilichokiona si bwawa, ni lile pazia la Temeke. Nililia. Mume wangu alikuwa kazini, na hata angekuwapo angefanya nini? Aliyejua alikuwa mmoja, na nilikuwa nimemfukuza.

Nilimkuta pwani wanakoshushia samaki, amejibanza chini ya kibanda. Nikampa shikamoo. Akanitazama nilivyolowa.

“Marahaba. Limepanda?”

“Limepanda, mama. Nisamehe. Tutafukuzwa kwenye ile nyumba.”

“Nyie Wapare kwa ubishi, hamna mfano,” akasema. Akamwachia mwenzake samaki, akatangulia njiani.

Alipofika aliamuru turubai litoke, mvua iingie. Mabomba hayakuwa yakitoa maji wiki ile, lakini hakuyataka. Akaonyesha mahali pawili kando ya bwawa, akasema pachimbwe. Kufika kiunoni tu tukakutana na maji. “Haya ndiyo yanayolinyanyua,” akasema. “Yateke, uyatie ndani. Chini yapungue, ndani liwe zito.”

Peke yetu tusingeweza. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi, nikamweleza bila kuficha, maana aibu ilikuwa imeshanivaa, sikuwa na la kulinda. Akawaita watu. Wakaja na ndoo na madebe, wakapanga mstari kutoka mashimoni hadi bwawani, mvua ikiwanyeshea. Wapita njia walisimama kututazama tunateka maji kwenye mvua na kuyamwaga kwenye bwawa. Mmoja akauliza kama limeshikwa na kiu. Tulicheka mpaka wenye ndoo wakamwaga njiani, nami nikacheka nao, nikajisikia nipo nyumbani kwenye ndiva, ila kila kitu kinakwenda kinyume.

Siku mbili tuliteka. Asubuhi ya tatu ufa haukupitisha hata ukucha. Bwawa lilikuwa limekaa mahali pake, isipokuwa mstari mwembamba upande mmoja, tukauziba kwa lami.

Afisa alikuja mvua zilipokatika. Alizunguka bwawa mara mbili, akainama kwenye ile lami, akauliza nini hiki. Yule mama alikuwa jikoni kwangu anaparua samaki. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, mzuri kabisa, kuhusu mizizi ya mti. Nikamwita yule mama atoke.

“Mie ndiye niliyelimwaga, bwana afisa, nikalipandisha,” nikasema. “Huyu alinikataza, nikamdharau. Na huyu ndiye aliyelishusha.”

Afisa akamuuliza alilishushaje. Akaelezwa, taratibu, mpaka na yale mashimo akaonyeshwa. Alisikiliza kama mtu aliye darasani. Mwisho akaandika kwenye karatasi yake: bwawa zima. Akapanda baiskeli yake akaenda, nami nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikaketi nyuma yake.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, tulilifunga pamoja, mie na mwalimu wangu. Tukapunguza kidogo, tukasafisha, tukafunika. Nilipokwenda kunawa, alichukua lami iliyobaki na kijiti, na niliporudi nikamkuta mbele ya mlango wa kibanda cha pampu, ulimi nje, anamalizia herufi ya mwisho. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa anaweza kuandika jina lake tu. Sasa pale palisomeka: MAJI YASIMWAGWE YOTE. MWALIMU ASISAHAU.

Mlango ule nimeupaka rangi mara mbili tangu siku hizo. Mara zote mbili nilizunguka maandishi yake kwa brashi ndogo.